Maji ya Paa na Maji ya Barabara Si Sawa

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Kwa hivyo nyumba yenye paa la mabati la mita 50 za mraba, mvua ikifika milimita 20, humwaga karibu lita 1,000. Hapa kwetu mvua ya namna hiyo si ajabu, lakini Januari utawaona watoto wakishuka mtoni na mitungi.

Weka gata na tanki. Acha maji ya kwanza yamwagike, kwani yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Funika tanki ili mbu wasizaliane. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Ya barabarani yana oili, takataka na, vyoo vikifurika, kinyesi. Usioshee sukuma wiki. Yaelekeze kwenye mtaro wenye nyasi yazame polepole, au yanyweshe nepia na miti, mbali na kisima.

Mjini Bomet uchafu wa mitaro huishia Nyangores, na Nyangores huingia Mara, ambako watu wanateka. Ukizibua mtaro mbele ya duka lako, usiache takataka kando yake. Mvua ya jioni itazirudisha.