Ghala Likifungwa, Kichwa Kinabaki Wazi

Mdogo wangu wa Kitangiri, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni, nikashtukia mkono wa kulia umejikunja ngumi. Sijawahi kukuona, lakini nakujua. Ulichoandika ndicho kilichonipata mimi miaka ile nilipokuwa kwenye timu ya shabaha ya chombo cha ulinzi nilichokitumikia.

Kwa wasomaji wengine: mdogo wetu huyu ni askari, na mwaka huu amechaguliwa kwenye timu ya bastola. Siyo ile ya kusimama mahali pamoja na kulenga duara jeusi kwa utulivu. Hii ni ya mwendo. Unapiga shabaha mbili, unakimbilia nyuma ya ukuta wa mbao, unapiga tatu, unabadili magazini huku miguu inakwenda, unamalizia na bamba la chuma mpaka lianguke. Saa inahesabu tangu mlio wa kuanzia hadi risasi ya mwisho. Mazoezini anapiga hadi wakubwa wake wanamsifu. Siku ya mashindano, mlio ukilia, "kichwa kinakuwa cheupe, dada, kama ubao uliofutwa." Mara ya mwisho aliiruka shabaha nzima, akaipita kana kwamba haikuwepo. Mwenzake wa kiume akamwambia wanawake hawana roho ya bastola. Mwingine akamshauri ameze propranolol ili mikono isitetemeke. Na renji wanakwenda mara moja kila wiki mbili, risasi thelathini kwa mtu, kisha silaha zinarudi ghalani. Swali lake: kwa risasi thelathini, nitaboreka lini?

Nianze na dawa, kwa sababu hiyo haisubiri. Usiimeze. Propranolol ni dawa ya moyo na presha, anayeitoa ni daktari kwa mgonjwa wake, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Tena dawa za kundi la propranolol zimepigwa marufuku katika mchezo wa kulenga shabaha na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, siku ya mashindano na siku za kawaida pia. Zinapunguza mapigo ya moyo na mtetemo wa mkono, kwa hiyo anayezitumia anawaibia wenzake. Wewe huumwi, mdogo wangu. Moyo kwenda mbio kabla ya mlio ni mwili unakuandalia nguvu. Hata mabingwa moyo wao unakwenda mbio.

Sasa huyo mwenzako na "roho ya bastola" yake. Mwambie habari ya Montreal, mwaka 1976. Kwenye Olimpiki ile, wanaume na wanawake walipiga bunduki pamoja, mstari mmoja. Mwisho wa siku Wamarekani wawili walikuwa wamelingana, pointi 1162 kila mmoja: Lanny Bassham na Margaret Murdock. Kanuni ya kuvunja sare ikampa Bassham dhahabu na Margaret fedha. Wimbo wa taifa ulipopigwa, Bassham alimvuta Margaret wakasimama pamoja kwenye ngazi ya juu kabisa. Yeye mwenyewe aliona kwamba hakumshinda. Kama mwenzako hataki ya Montreal, mlete hapa hapa Ilemela, asimame barabarani Pasiansi asubuhi, awaone mabinti wa chuo cha wanyamapori wakiwa kwenye mchakamchaka. Mimi kila nikiwapita natamani kushuka kwenye daladala niwapigie makofi.

Na Bassham huyo nitamrudia, kwa sababu ana jambo lako. Miaka minne kabla ya Montreal, mjini Munich, alikuwa amepata fedha, na aliona wazi kwamba kilichomkosesha dhahabu kilikuwa kichwa chake. Hakurudi nyumbani kuongeza idadi ya risasi. Alikwenda kuwauliza waliowahi kushinda dhahabu: wewe unafikiri nini ukiwa pale? Niliposoma habari zake, niliweka kitabu chini nikalia kidogo, maana mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Niliona aibu. Nilidhani kufikiri si mazoezi.

Tatizo lako lina jina zuri la Kiswahili. Unapania. Tunalisema kuhusu timu za mpira, kwamba wamepania mechi, na tunadhani ni sifa. Kwenye bastola kupania ni sumu. Mtu aliyepania anaminya mpini kwa vidole vyote mara moja, bega linapanda, anaivuta triga kwa papara kabla macho hayajamwambia tayari, na kama anatumia mkono wa kulia risasi inashuka chini kushoto. Halafu akili inamwambia: ongeza bidii. Anaongeza. Inashuka zaidi.

Tupige hesabu ya mchezo wenyewe, kwa sababu nadhani hakuna aliyekaa nawe ukaiona. Katika kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, pointi zako zinagawanywa kwa sekunde zako. Tuseme zoezi lina risasi kumi na mbili, kila moja ikipiga katikati ni pointi tano, jumla sitini. Ukimaliza kwa sekunde nane bila kukosa, unapata 7.5. Ukimaliza kwa sekunde hizo hizo nane lakini risasi moja ikapotea, unakosa zile tano na unakatwa kumi zaidi. Zinabaki arobaini na tano, na gawio lako ni 5.6. Dada yako mwingine anayetembea taratibu, akatumia sekunde kumi nzima bila kukosa, ana 6, kakupita. Risasi moja iliyopotea imekula zaidi ya sekunde mbili na nusu, na mbio zako zote hazikuweza kuzirudisha. Shabaha nzima uliyoiruka ile siku nadhani sasa unajua iligharimu nini, sitaihesabu. Kaulimbiu ya shirikisho hilo ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Tazama kasi imewekwa wapi.

Basi ukiwa pale usifikirie kasi. Ufikirie nini? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Baba yangu alikuwa akishona nyavu za dagaa Igombe. Wavu mzima umetandazwa juu ya mawe, umechanika mahali kumi na saba, na usiku wa giza unakuja, watu wanataka kuingia ziwani. Sisi watoto tulikuwa tunaangalia matundu yote na kuhuzunika. Yeye aliangalia tundu moja. Unajua wavuvi wetu tundu la wavu wanaliita jicho. Anashona jicho, anahamia jicho jingine, wala hageuki kuliangalia lile lililopita. Mama akimwuliza amebakiza mangapi anasema, "Hili." Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba baba alikuwa ananifundisha bastola.

Kila risasi ina swali moja tu: naona nini? Unaiona alama ya mbele ya kulengea juu ya eneo unalolitaka? Piga. Na bastola inaporuka, macho yako yalishuhudia alama ile ilikuwa wapi wakati inaondoka. Ukilizoea hilo utaijua risasi yako ilipotua bila kusubiri mtu akuletee bango la shabaha. Hilo ndilo linaloiweka akili mahali pake, kwa sababu akili yenye kazi ya kutazama haina nafasi ya kuhesabu pointi wala kumkumbuka mwenzako aliyekudharau. Mimi niliwahi kuikosa shabaha ya pili kwa sababu bado nilikuwa naililia ya kwanza. Ya kwanza haikuwa hata imekosa! Nilidhani tu.

Na hata walio juu kabisa wameanguka hapo. Matthew Emmons, Athens 2004, anaongoza, imebaki risasi moja, dhahabu iko mkononi. Akapiga, lakini kwenye shabaha ya jirani yake. Sifuri. Akashuka hadi nafasi ya nane. Beijing 2008 anaongoza tena, risasi ya mwisho ikatoka kabla hajawa tayari, akashika nafasi ya nne. Wewe ungefanya nini? Yeye alirudi, na London 2012 akavaa shaba. Nakwambia hivi ili ule usiku unaolala ukijiuliza mtu gani anairuka shabaha nzima mbele ya wakubwa zake, uwe na jibu.

Sasa tuje kwenye risasi thelathini. Unasema ni chache, na ni kweli, lakini nina hakika unachokosa zaidi ni yale yanayotendeka siku kumi na tatu kati ya renji na renji. Bastola iko ghalani, ndivyo inavyotakiwa, na usithubutu kutafuta nyingine ya kufanyia mazoezi chumbani. Hakuna anayeweza kukifungia ghalani kichwa chako.

Kabla ya zoezi mnapewa dakika chache za kutembea na kukagua. Usizitumie kupiga soga. Tembea njia yako, hesabu shabaha, amua utasimama wapi, magazini utaibadili kwenye hatua ya ngapi. Kisha sogea pembeni, fumba macho, ulipige zoezi zima kichwani kwa macho yako mwenyewe: siyo kama unajitazama kwenye video, bali uione mikono yako mbele yako, usikie mlio, uuone mlango wa ukuta ukikujia. Ukikwama popote, ukajiuliza hivi inafuata ipi, pale ndipo utakaporuka shabaha kweli. Rudi ukapatazame. Mpaka upite mwanzo hadi mwisho bila kukwama, hujawa tayari, hata kama miguu inakuwasha.

Jambo hilo hilo lifanye kila siku kwenye daladala. Kutoka Kitangiri hadi kazini utapata mazoezi mengi kuliko renji ya mwezi mzima. Ila kuna mtego, na wengi wananaswa. Wanachofanya ni kuota. Kwenye ndoto zoezi la sekunde kumi linakwisha kwa nne, kila risasi katikati, watu wanashangilia. Jipime: washa saa ya simu, fumba macho, pita zoezi lote, izime. Ikisoma sekunde nne ilhali wewe ni mtu wa kumi na moja, ulikuwa unaota. Rudia polepole, uhisi hata uzito wa magazini ikiingia. Na mara moja moja weka hitilafu ndani yake: bastola imekwama, unaielekeza mbele, kidole nje ya triga, unaitatua, unaendelea. Siku ikitokea kweli, itakuta ulishawahi kuwa hapo.

Kidole na mwelekeo wa mdomo wa bastola, mdogo wangu, visiwe jambo la kufikiriwa. Viwe tabia, kama kuvua viatu mlangoni. Kwenye mchezo huu ukikimbia na kidole kwenye triga unaondolewa siku hiyo hiyo, hata uwe nani. Nami naona ni haki kabisa. Kichwa kinachokwenda mbio kinamsahau aliyesimama nyuma.

Nunua na daftari. Usiandike pointi, hizo wanazo wasimamizi. Andika uliona nini. "Shabaha ya tatu niliiona alama, ya nne sikuiona, nilibahatisha." Hata kama ya nne ilipiga katikati, iandike kwamba ulibahatisha. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakuambia jambo ambalo kocha hawezi, kwa sababu yeye anatazama bango tu.

Pumzi nitaisema kwa kifupi: ukiambiwa jiandae, vuta kawaida, toa polepole zaidi ya ulivyovuta, mara mbili. Basi.

Na kuhusu lini utaboreka, usiwe na haraka. Nyote mlimwona kwenye simu zenu yule Mturuki, Yusuf Dikeç, Paris 2024, mkono mmoja mfukoni kama mtu anayesubiri chai. Watu wakasema kazaliwa hivyo. Ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano, na ndiyo kwanza alipata medali, akiwa na miaka 51. Na medali ile ya fedha aliipata pamoja na binti, Şevval İlayda Tarhan, aliyesimama kando yake na mkono wake mfukoni vilevile. Kuhusu binti sikuona watu wakizungumza sana. Mimi namkumbuka.

Umeuliza mwisho kama umwambie mkubwa wako wa timu kwamba unaogopa, au ataandika jina la mtu mwingine. Mwambie. Usimpelekee hofu mikono mitupu, mpelekee na ombi. Nenda siku ya kawaida, siyo ya mashindano, simama vizuri, useme: "Afande, naomba dakika kumi kabla ghala halijafungwa, bastola ikiwa tupu umeikagua mwenyewe, nielekee ukutani, nifanye kuchomoa na kulenga mara ishirini, na wewe usimame nyuma yangu unihesabie."