Kompyuta ya Mwili Mmoja: Tuongeze Nini Tunaponunua?

Kompyuta tulizo nazo hapa shuleni ni za namna ya zamani: skrini mbali, na sanduku lake mbali. Iko namna nyingine ambayo vyombo vyote vimetiwa nyuma ya skrini, na mnunuzi huchukua kitu kimoja tu pamoja na kibodi na kipanya chake. Namna hii yapendeza macho, waya zake ni chache, na mezani haichukui nafasi kubwa. Lakini ina sharti moja ambalo mnunuzi asipolijua atapata hasara. Mimi nalijua kwa sababu ndimi niliyemtia mjomba wangu katika hasara hiyo.

Mjomba ana duka mjini Morogoro. Huchapa barua, hupiga picha za pasipoti, na siku za Jumamosi hupiga video za harusi. Nilipokuwa Kidato cha Pili alikuwa amekusanya fedha za kununua kompyuta ya namna hii, akaniuliza shauri, maana katika jamaa yetu mimi huhesabiwa mjuzi wa mambo hayo. Fedha zake zilitosha nyongeza moja tu juu ya bei ya kawaida: ama prosesa ya daraja la juu, ama diski yenye nafasi mara mbili, ama RAM ya gigabaiti 16 badala ya 8. Nikamjibu upesi kama mtu anayejua, “Chukua diski, mjomba. Video ni kubwa.” Akanisadiki.

Miezi miwili haikupita. Kila alipotengeneza video ya harusi, mashine ikawa nzito kama mkokoteni uliojaa mchanga. Akampelekea fundi ili aongeze RAM. Fundi aliifungua, akatazama, akaifunga tena: RAM ilikuwa imelehemiwa katika ubao mama, wala hapakuwa na mahali pa kutia nyingine.

Sasa nieleze kosa langu lilikuwa wapi. Mwanafunzi wa bweni ana dawati darasani na sanduku bwenini. Vitabu vyote vimo sandukuni, lakini vile anavyovisoma saa hiyo huviweka juu ya dawati. Diski ndiyo sanduku, na RAM ndiyo dawati. Dawati likiwa dogo, hapana budi kila mara aondoke kwenda bwenini kurudisha kitabu kimoja na kuleta kingine. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo: RAM ikijaa, huhamishia diskini mambo ambayo hayatumiki saa hiyo, kisha huyarudisha yakitakiwa. Diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, zimefupisha sana njia ya bwenini, lakini njia bado iko. Mimi nilimnunulia mjomba sanduku kubwa, na dawati nikaliacha vile vile.

Tena sanduku laweza kuongezwa baadaye. Diski ya nje huchomekwa ubavuni kwa waya wa USB, na video za zamani huhamishiwa huko. RAM iliyolehemiwa haina njia hiyo.

Mfano ulio wazi ni iMac za kampuni ya Apple. iMac ya inchi 27 ya mwaka 2020 ilikuwa na mlango mdogo nyuma yake. Mwenyewe aliweza kuufungua na kutia RAM zaidi, hata kufikia gigabaiti 128. iMac ya inchi 24, iliyotolewa mwaka 2021, haina mlango huo, na RAM yake imefungwa pamoja na prosesa. Aliyenunua ya gigabaiti 8 atabaki na 8 mpaka mashine ife. Wakati wa kuagiza, kutoka gigabaiti 8 za RAM mpaka 16 kuligharimu dola 200 za Marekani, na kutoka gigabaiti 256 za diski mpaka 512 kuligharimu dola 200 vile vile. Bei ni moja, lakini nyongeza ya kwanza haipatikani tena baada ya siku ile, na ya pili yapatikana dukani wakati wo wote, kwa kawaida kwa fedha chache kuliko hizo. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliacha gigabaiti 8, wakaanza na 16 hata katika iMac ya bei ya chini.

Si mashine zote zilivyo hivyo. Nyingi za kampuni nyingine hutumia vijiti vya RAM kama vya kompyuta za mkononi, na fundi huvibadili kwa dakika chache. Mwenye mashine kama hiyo aweza kuanza na RAM ndogo akaongeza mwakani. Kwa hiyo yafaa kuuliza habari za kifuniko cha nyuma kabla ya kuuliza bei.

Wako wasemao, nunua kila kitu kikubwa kuliko vyote. Mimi sikubali. Mtu anayechapa barua na kutunza hesabu za duka atatosheka na gigabaiti 8, na zile zilizozidi zitalala bure. Yafaa kuipima kazi yenyewe. Katika mashine ya Windows fungua programu zote unazozitumia kwa kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame sehemu ya memori. Ukiona karibu yote imetumika, basi RAM ndiyo haja yako. Mashine ya zamani ya mjomba ingalituambia hayo yote, kama ningaliiuliza.

Prosesa huangaliwa zaidi umri wake kuliko daraja lake, hasa katika mashine za mitumba. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa jumla tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za zamani hazimo katika orodha ya Windows 11. Katika mwili mmoja ni nadra prosesa kubadilishwa.

Na umeme je? Mashine hii haina betri kama ya mkononi. Umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea; ukirudi kwa nguvu nyingi waweza kuunguza skrini na vingine vyote, kwa kuwa vimo mahali pamoja. Kwa maoni yangu, fedha ya UPS itengwe kabla ya nyongeza yo yote.

Likizo iliyopita mjomba aliniambia kwamba ile mashine ataiacha ichape barua, na sasa anakusanya fedha za nyingine kwa ajili ya video. “Mjomba,” akaniambia, kwani nasi twaitana hivyo hivyo, “safari hii usinijibu leo.” Nilikaa siku tatu, nikamwandikia maswali ya kwenda nayo dukani: kifuniko chafunguka? RAM ni ya vijiti au imelehemiwa? Mwisho wake ni gigabaiti ngapi? Karatasi ile ameitia ndani ya daftari lake la madeni, ambalo hulifungua kila siku.