Mishipa ya Miguu Iliyovimba: Soksi, Upasuaji au Chuku?

Ndugu msomaji, hapa Tanga akina mama wengi waliozaa mara kadhaa, na watu wa kazi za kusimama kutwa, hupata mishipa ya buluu iliyojikunja kwenye shavu la mguu. Hizo ni vena, zinazorudisha damu kwenye moyo. Ndani mna vali, yaani milango midogo inayozuia damu isishuke. Vali zikilegea, damu hutuama na vena hutanuka. Hakuna dawa ya kuchua inayoikaza vali iliyolegea.

Nianze na chuku. Hijama ni Sunna, hilo halina mjadala. Lakini kuchanja juu ya vena iliyotuna ni hatari: damu hutoka nyingi, na ngozi ya hapo hupona kwa taabu hata ikawa donda ndugu. Mjuzi wa hijama huiepuka sehemu hiyo.

Soksi za kubana hupunguza uzito na uvimbe, ila ukiziacha hali hurudi. Zinamfaa zaidi mjamzito, kwani vena zake mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Mwenye kisukari apimwe kwanza mapigo ya damu mguuni, maana soksi inaweza kumdhuru. Na udhu je? Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kama tulivyosoma chuoni, soksi nyepesi hazipanguswi maji. Zivue, osha miguu, ikaushe, iinue dakika chache, kisha vaa tena. Aliyefungwa bendeji kwenye kidonda amuulize sheikh hukumu ya jabira.

Tiba ya kuiondoa vena yenyewe iko hospitali. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unatanguliza kuiziba kwa joto kutoka ndani, kisha sindano ya povu, kisha upasuaji wa kuivuta. Msiogope, damu hupita vena za ndani. Ndiyo maana hupimwa kwanza kwa ultrasaundi kuona kama ziko wazi. Anzia Bombo. Mashine za joto hazipo kila hospitali, basi uliza kinachopatikana, gharama na bima. Ukweli ni kwamba vena nyingine huweza kutokea baadaye.

Ngozi ikiwa nyeusi na kuwasha juu ya kifundo, usingoje kidonda. Vena ikipasuka, lala, inua mguu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha nenda hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usichuliwe: huenda damu imeganda ndani. Nenda siku hiyo hiyo.