Ugonjwa Haurudi Bila Kubisha Hodi: Mafunzo Niliyopata kwa Kumuuguza Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana skizofrenia. Sisi ni wakulima wa pamba hapa Bariadi, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kukaa naye usiku anapojibizana na sauti tusizozisikia sisi wengine. Ugonjwa umemrudia zaidi ya mara moja. Kila mara majirani wamesema umemvamia ghafla. Si kweli.

1. Hatari huanza siku anapoonekana mzima

Akishalala vizuri, akaamkia watu na kushika jembe, maneno huanza: "Si amepona? Dawa za nini tena?" Naye mwenyewe huona hivyo. Tumezoea malaria, unameza dawa siku tatu yakaisha. Skizofrenia ni ugonjwa wa kutunzwa, kama kisukari. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65: ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia 27 kati ya kila 100 walioendelea na dawa, lakini 64 kati ya 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Hiyo 27 nayo tusiipite. Wapo wanaorudiwa huku wanameza vizuri kabisa, basi tusikimbilie kumshtaki mgonjwa kwamba ametupa vidonge.

2. Anayeacha dawa ana sababu, muulize

Dawa ya haloperidoli inaweza kumkakamaza mtu: shingo inavutwa upande, taya zinabana, mikono inatetemeka. Klopromazini humlaza hadi jua limepanda. Kijana wa Kisukuma asiyeweza kushika plau msimu wa kulima anaona aibu mbele ya wenzake. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, afadhali sauti kuliko mwili huu wa ubao." Tukamweleza daktari maneno hayo hayo. Akapunguza dozi, akaongeza Artane ya kupunguza ukakamavu huo, na baada ya muda nikamwona ananyanyua kikombe cha chai bila kukimwaga. Kwa wanaochoshwa na vidonge vya kila siku ipo sindano ya flufenazini, ya mara moja kwa mwezi.

Njaa nayo ni sababu. Ghala likibaki tupu kabla ya mavuno, tunashindia michembe ya viazi, na anasema dawa kwenye tumbo tupu inamlegeza miguu. Kwangu mimi, sahani yake ni sehemu ya matibabu.

3. Nauli na dawa vitengwe pamba ikiuzwa

Kwa sera ya serikali, matibabu ya akili kwenye vituo vya umma ni bure. Lakini dawa ikiisha kituoni, unaelekezwa duka la dawa, na pesa ya pamba haikai. Kuhusu nauli, hospitali ya rufaa ya mkoa iko huku kwetu Bariadi. Wa vijijini Meatu ana safari ndefu zaidi.

4. Usigombane na mganga, patana naye

Wazee walisema ni mizimu, wakamwita mfumu, yaani mganga. Nilimwambia kwa heshima: mzee, fanya yako, lakini vidonge visikatwe na kamba isimguse. Alikubali. Nimeona wengine waliokatazwa dawa ya hospitali wakarudi na hali mbaya kuliko waliyoondoka nayo.

5. Ulimi wa nyumbani

Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Huko London, kuanzia miaka ya 1950, George Brown na wenzake waliona kuwa mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama, ukali, au ya kugandwa kupita kiasi, hurudiwa zaidi. Karibu zaidi na kwetu, Zanzibar, mtafiti Mmarekani Juli McGruder alikaa na familia zilizouona ugonjwa kuwa mtihani wa Mungu: hawakumbana mgonjwa, wala hawakumtangaza. Alipopata nafuu, alirudia nafasi yake.

Kwetu baba mdogo alikuwa akimwita "mvivu" kila jioni ugali ukitengwa, na mdogo wangu akawa anaondoka kabla ya kunawa. Nilimwomba baba mdogo kitu kimoja: amwite kwa jina lake. Sasa asubuhi wanaamkiana "mwangaluka" kama watu wengine, na mdogo wangu anakula hadi mwisho.

6. Bangi

Kwake, bangi ikirudi, sauti hazikawii. Marafiki wanaomletea nawajua, na nimewafuata kwao.

7. Dalili za kwanza

Kwake huanza na usingizi. Usiku mmoja anazunguka uani. Wa pili anazima redio akisema inamtaja. Wa tatu hagusi chakula nisichokipika mimi. Kila mgonjwa ana mpangilio wake, na ndugu anayelala nyumba moja naye huujua kabla ya daktari. Nimeuandika nyuma ya daftari lake la kliniki, yeye akiwa amekaa pembeni akinisahihisha. Usiku wa kwanza wa kuzunguka ukipita, hatusubiri tarehe ya kliniki. Asubuhi tunakwenda.