Iloweshe Kwanza, Jina Baadaye

Kuvu uliyoibandua kwenye gogo la mgunga Kitengela, Kajiado, mwezi wa Agosti ni nusu tu ya ushahidi. Kajiado hupata mvua kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katikati yake jua hunyonya kila tone. Vitabu vingi vya kutambua uyoga navyo vimetungwa Ulaya na Marekani, kwenye misitu yenye unyevu, na picha zake ni za uyoga ulioshiba maji. Ukilinganisha kikavu na kibichi utakosea hata uwe na macho makali. Kwa hiyo mimi nashikilia kwamba kuvu inayoozesha mbao huku kwetu ipewe maji kabla haijapewa jina.

Chukua Schizophyllum commune, jina ambalo Mswidi Elias Fries aliichapishia mwaka 1815. Ni kitu kidogo, sentimita moja hadi nne, chenye umbo la upepeo wa kuchochea jiko, na hakina shina la kutajika. Kikikauka hujikunja kikafanana na kibonge cha sufu ya kijivu kilichonasa kwenye ganda, na mtu hukipita akidhani ni uchafu. Kifunike kwa kitambaa chenye maji kwa saa chache, kisha kigeuze na ukitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Utaona mikunjo myembamba ikitawanyika kutoka pale kiliposhikana na mti, na kila mkunjo umepasuka katikati kwa urefu wake. Ukame ukirudi, nusu hizo hujiviringa, kila moja upande wake, na kuficha ngozi inayotoa spora. Hapo ndipo kitambulisho kilipo. Kuvu za jamii ya Trametes zina manyoya na rangi zinazokaribiana na hizo, lakini chini zina vitundu. (Kongo watu huila Schizophyllum. Wewe usiile kwa sababu tu umesoma hapa.)

Kuna atakayesema maji huharibu kielelezo. Ni kweli, huleta ukungu. Basi lowesha kipande kimoja, vingine vibaki vikavu kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Mwingine atasema programu ya simu inatosha. Programu husoma picha uliyoipa, na picha ya mgongo wa kuvu kavu haina habari ya mpasuko. Hoja ya vinasaba ina uzito zaidi, kwani maabara inaweza kumaliza ubishi, ila haiwezi kukuambia kuvu iliota juu ya mti gani. Hilo hata maji hayalirudishi. Liandike palepale: mti uko hai au ni nguzo ya ua, mbao imepauka na kuwa nyuzinyuzi au imekuwa kahawia na kukatika vipande vya mraba. Jina la mti muulize mchungaji wa Kimaasai. Olerai, oltepesi na eluai ni miti mitatu tofauti, na majina hayo hayakuyumba wataalamu walipoihamisha migunga yetu kutoka Acacia kwenda Vachellia na Senegalia. Jioni laza kipande kilicholoweshwa, mikunjo ikitazama chini, juu ya karatasi iliyo nusu nyeusi nusu nyeupe, ukifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Spora za Schizophyllum ni nyeupe, kwa hiyo zitafute upande mweusi.