MURATINA: POMBE YA ASALI NA MAFUNZO YAKE

Na Mwanachama, Kidato cha 3

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Lakini je, umewahi kujiuliza asali ikishatoka mzingani huenda wapi? Kwetu Murang'a, ikifika Desemba watu wa mjini wamerudi na posa zimeiva, nyingine huenda moja kwa moja kwenye kibuyu cha muratina. Katika makala haya nitaeleza pombe hiyo ni nini, hutengenezwaje, na kwa nini si ya kila kinywa.

Maana ya jina

Muratina hasa ni tunda, sio pombe. Ni lile tunda refu kama soseji linaloning'inia kwenye mti ambao Kiswahili huuita mwegea. Jina la tunda likawa jina la kinywaji. Wakamba nao wana kaluvu. Huko Ethiopia kuna tej, inayotiwa gesho ili kuipa uchungu, nayo hunywewa hata katika Krismasi yao ya tarehe 7 Januari.

Jinsi inavyotengenezwa

Tunda bichi ni sumu. Kwa hivyo hukaushwa, hupasuliwa, na huchemshwa ili uchungu utoke. Kisha huloweshwa katika pombe iliyotangulia na kuanikwa juani. Nyuzi zake hunasa hamira, na hapo ndipo siri ilipo.

Asali peke yake haichachi, kwani maji yake ni machache, chini ya asilimia 20. Mtengenezaji huikoroga na maji, huimimina katika kibuyu au mtungi, hutia vipande vya muratina, halafu huweka karibu na meko penye joto. Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kileo na gesi ya kaboni dioksaidi. Ndiyo maana utasikia kibuyu kikitokota pasipo moto! Baada ya siku chache pombe huchujwa. Siku hizi wengi hutia sukari, maana asali ni ghali.

Kwa nini si ya kila kinywa

Desemba iliyopita dada yangu alikuwa akiposwa. Mimi na binamu yangu tulitumwa kubeba vikombe. Binamu akaninong'oneza, "Tuonje kidogo tu, nani atajua?" Kumbe guka ametusikia! Hakutuchapa. Alisema tu, "Wajukuu wangu, hii sio soda. Hebu kaeni hapo muone."

Tukaona. Wazee wa pande zote mbili walinyamaza, kisha dada akaulizwa mbele ya watu, "Je, tuinywe pombe hii?" Angekataa, wageni wangerudi kwao na mambo yangeishia hapo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akasema, "Inyweni." Vigelegele vikapaa. Ndipo nikaelewa kuwa pombe ile ilikuwa neno lake, na sisi tulitaka kulionja kabla yeye hajalitamka.

Guka alituambia kwamba zamani pombe ilikuwa ya wazee, tena kwa shughuli maalum. Hata leo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa. Na tusisahau Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Hiyo haikuwa mila, ilikuwa tamaa ya pesa.

Kwa hivyo mwenzangu, likizoni ukiambiwa "onja kidogo", kumbuka kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali. Jifunze mila yako, uliza wazee, lakini kikombe kingoje wakati wake.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya mwegea na muratina.
2. Kwa nini asali huchanganywa na maji kabla ya kuchachishwa?
3. Tunga sentensi ukitumia: kurina, sega, nta, hamira.
4. Kwa nini guka hakuwachapa vijana? Jadili.