Je, Mafunzo ya Kuacha Ulevi Gerezani Yanafaulu?

Ukiwa na ndugu katika gereza la Lodwar, huenda umeambiwa kwamba akirudi Kanamkemer atakuwa ameacha chang'aa au bangi. Kabla ya kuamini, uliza maswali matatu.

Kwanza, walioanza mafunzo walikuwa wangapi? Tuseme walianza wafungwa 40, wakamaliza 20, na kati ya hao ni 10 wasiokunywa tena. Utaambiwa nusu wamefaulu. Lakini wenye shida kubwa ndio huacha njiani. Ukihesabu wote walioanza, waliothibitika ni robo tu.

Pili, walipimwa lini? Kutokunywa gerezani si kipimo, kwa kuwa humo pombe ni adimu. Mtu apimwe mwaka mmoja baada ya kutoka, na alinganishwe na wafungwa ambao hawakupata mafunzo.

Tatu, nani atamwangalia huko nje? Jimbo la California, Marekani, lilitumia takriban dola bilioni 1 kwa mafunzo kama hayo tangu 1989. Mwaka 2007 mkaguzi mkuu wa magereza alitangaza kuwa hayakufaulu. Wengi hawakuendelea kuhudumiwa walipoachiliwa.

Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari zaidi, hasa kwa aliyetumia heroini. Mwili umepoteza uzoefu. Akirudia kiasi cha zamani anaweza kuacha kupumua na kufa. Aliyekuwa mlevi wa pombe naye hulemewa upesi.

Basi, usimkaribishe ndugu yako kwa chupa. Mpeleke kwa daktari juma hilo hilo.